Binti Mmoja, Maradhi Mawili

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, majirani wa Bakari kule Likoni walisikia pembe. Ko-ko, ko. Ko-ko, ko. Huyo ni Mastura. Amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, pembe ya nyati mkono wa kushoto, kijiti mkono wa kulia. Nazi yenyewe bado haijaguswa.

“Mastura,” mama yake, Mwanasaumu, aliita kutoka jikoni.

“Abee, mama.”

“Nazi hiyo inajikuna yenyewe?”

“Naipigia ngoma kwanza, mama, ipate kulegea.”

Mwanasaumu alicheka peke yake na moshi wake. Pembe ile ilikuwa ya mama yake mzazi, yaani bibi yake Mastura. Bibi huyo alikuwa mtoaji wimbo wa vugo. Vugo ni ngoma ya wanawake, na huchezwa harusini. Wanawake husimama kwa safu, kila mmoja na pembe yake na kijiti chake. Mmoja hutoa wimbo, wengine huitikia. Bibi alipofariki, Mastura alirithi pembe, na akarithi kazi ya kutoa wimbo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sauti yake ilijaza ua mzima.

Mwaka ulikuwa 1961. Bakari alikuwa mkulima wa minazi na mihogo. Mastura alikuwa mtoto wao wa pekee, na walimpenda sana. Lakini kuna kupenda kwa kujua na kuna kupenda kwa kubahatisha. Wao walibahatisha, kama mtakavyoona.

Mastura alikuwa na mambo mawili yaliyomsumbua. La kwanza lilikuwa pumzi. Akishuka feri upande wa kisiwa cha Mombasa na kuupanda ule mteremko, alipumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Moyo ulimwenda mbio. Kulala pia alihitaji mito miwili, maana akilala sawasawa pumzi ilimpotea.

La pili lilikuwa tumbo. Kila mwezi, siku za hedhi zikifika, alilala siku tatu au nne, leso imefungwa tumboni kwa nguvu. Alitafuna pindo la leso ili baba yake asimsikie akilia. Na hata siku nyingine, zisizo za hedhi, maumivu yalimjia kiunoni bila kubisha hodi.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Jambo la kifua linaweza kusemwa mbele ya wanaume, basi lilikuwa la baba. Jambo lililo chini ya kitovu ni la wanawake, basi lilikuwa la mama. Mwili wa Mastura uliwekewa mpaka katikati kama shamba la urithi. Baba hakuvuka kwenda chini, na mama hakuvuka kwenda juu. Mastura mwenyewe hakuulizwa kitu. Alikaa nyuma ndani ya buibui lake, akisikiliza watu wakimsema.

Siku moja, karibu na mwezi wa mfungo, Bakari alimpeleka binti yake zahanati. Dresa, yaani mganga msaidizi wa pale, alimpima Mastura kifua kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

“Mzee, huyu alipokuwa mdogo aliwahi kuumwa na koo, kisha viungo vikavimba?”

“Naam,” alisema Bakari. “Alikuwa wa miaka tisa. Leo goti, kesho kiwiko. Sisi tulisema ndiyo anakua.”

“Hakuwa anakua. Ile ilikuwa homa inayotokana na koo, na homa hiyo hugusa moyo. Moyo una milango ndani yake, inayoitwa vali. Damu hupita, mlango hufunga, damu isirudi nyuma. Mlango mmoja wa binti yako umepata kovu, umekakamaa. Haufunguki vizuri. Damu inasongamana, na ndiyo maana pumzi inampungua.”

“Unatengenezeka?”

“Kovu halifutiki kwa dawa. Lakini tunaweza kuzuia lisizidi. Atapigwa sindano ya penisilini kila wiki nne, hata akiwa mzima. Na apunguze chumvi. Chumvi hushika maji mwilini, moyo ukaelemewa.”

“Inshallah,” alisema Bakari.

Njiani Bakari alifikiri. Chumvi iko jikoni. Mwanamume akiingia jikoni kuzungumza habari za chumvi, ataulizwa lini amekuwa mpishi. Akaona jambo hilo litajitengeneza lenyewe. Akanyamaza.

Sindano Mastura alipigwa mara mbili. Mara ya tatu iliangukia siku ya kuangua nazi, na Mastura alikuwa hajambo. Basi hawakwenda, na hawakwenda tena.

Wakati huohuo, Mwanasaumu alikuwa amempeleka Mastura kwa Bi Mwidani, mkunga mzee wa mtaani. Bi Mwidani aliambiwa habari ya tumbo peke yake.

“Mtoto ametokwa na damu nyingi,” alisema Bi Mwidani. “Mpe mchuzi wa ng'onda kila siku, wenye chumvi yake barabara, umrudishie nguvu.”

Ng'onda, kama mjuavyo, ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mwanasaumu alipika ng'onda kwa mapenzi yote. Kila jioni alisimama juu ya kichwa cha binti yake mpaka bakuli liwe tupu. Baba ameambiwa chumvi ipunguzwe, mama ameambiwa iongezwe, na wote wawili wanalala nyumba moja.

Miguu ya Mastura ikaanza kuvimba.

Harusi ya Mwanarehema, binti wa ndugu yake Bakari, ilikuwa imewekwa mwisho wa mwaka. Wanawake walikutana kila Ijumaa alasiri kufanya mazoezi ya vugo. Mastura aliihesabu harusi ile kuwa yake pia, maana yeye na Mwanarehema walilelewa pamoja. Alikuwa ametunga nyimbo mpya tano.

Ijumaa moja, katika wimbo wa tatu, sauti yake ilikatika. Akashika kifua. Akakaa chini mchangani, midomo imebadilika rangi, na pembe ikaanguka. Wanawake walimpepea kwa leso zao hadi pumzi ikamrudia.

Siku ileile Mwanasaumu aliichukua pembe. Aliiweka ndani ya kasha, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akaufunga pindoni mwa leso yake.

“Harusi utaitazama, mwanangu,” alisema. “Utakaa na wageni.”

“Mama, mimi si mgeni.”

“Nikuache ufe na pembe mkononi?”

Mastura alikuwa na huzuni kubwa, na mama yake pia, lakini kila mmoja alikaa na huzuni yake upande wake. Kuanzia siku ile majirani hawakusikia tena ko-ko asubuhi. Mtaa mzima uliona kwamba kumepungua kitu.

Mwezi uliofuata, jirani mpya alihamia chumba cha kupanga ng'ambo ya ua. Jina lake Margaret Kahaso, mtu wa Rabai. Alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa kisiwani, wodi ya wanawake. Alikuwa mcheshi, na kila asubuhi alipita akisalimia kila mtu kwa jina.

Siku ya pili tu Mwanasaumu alimwita kwenye ua wa makuti. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

“Mwanangu anaumwa na tumbo. Yale mambo yetu ya wanawake. Kila mwezi ni kulala.”

“Kwa muda gani, mama?”

“Miaka sita, saba.”

“Maumivu ya kumlaza mtu kila mwezi si ya kuvumilia tu,” alisema Margaret. “Alhamisi ya wiki ijayo daktari wa wanawake yupo. Nitamwandikisha. Huenda akataka kumpasua, atazame kuna nini.”

Siku tatu baadaye, Margaret alikuwa ndani ya feri akienda kazini. Bakari alikuwa amesimama kando yake na kikapu cha nazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Nawe ndiye muuguzi? Basi nikuulize. Binti yangu ana maradhi ya pumzi. Dresa alisema moyo wake una mlango mbovu.”

“Pole sana, mzee. Anapigwa sindano zake?”

“Zilikatika kidogo.”

“Zisikatike. Na yule mwengine, wa tumbo, anaendeleaje?”

“Mwengine yupi?”

“Yule ambaye mama ameniambia. Anayelala kila mwezi.”

Bakari alimtazama. Margaret naye akamtazama.

“Mzee Bakari, una mabinti wangapi?”

“Mmoja tu, wallahi.”

“Mimi nilidhani unao wawili,” alisema Margaret. “Mmoja wa moyo na mmoja wa tumbo.”

Feri ilifika. Watu wakashuka, baiskeli zikashuka, magari yakashuka. Bakari alibaki amesimama na kikapu chake.

“Nisikilize vizuri, mzee,” Margaret alisema. “Alhamisi binti yako ataonana na daktari kwa ajili ya tumbo. Akiamua kumpasua, atalazwa kwa nusukaputi, ile dawa ya usingizi. Moyo wenye vali mbovu haupewi nusukaputi kama moyo mzima. Ni lazima daktari ajue mapema, ajiandae. Nani angemwambia?”

“Mimi nisingekwenda. Ni mambo ya wanawake.”

“Na mama angesema nini?”

“Tumbo,” alisema Bakari polepole. “Angesema tumbo.”

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, Margaret alipiga hodi. Alikaribishwa ukumbini. Bakari alikaa upande mmoja wa mkeka, Mwanasaumu upande wa pili, na Mastura nyuma yao kama kawaida.

“Dada Mastura, njoo mbele,” alisema Margaret. “Tunakuzungumza wewe.”

Mastura akasogea. Kisha Margaret akamwomba Bakari aeleze aliyoambiwa zahanati. Bakari akaeleza koo, mlango wa moyo na sindano. Alipofika kwenye chumvi, Mwanasaumu aliinua kichwa.

“Chumvi? Uliambiwa apunguze chumvi? Lini?”

“Kabla ya mfungo.”

“Kabla ya mfungo. Na mimi namnywesha ng'onda kila siku ya Mungu.”

Mwanasaumu alifunika uso kwa leso. Ndipo Mastura akasema, “Na mimi mchuzi ule sikuupenda hata siku moja.”

Alisema kwa sauti ya upole kabisa, na Margaret akashindwa kujizuia, akacheka. Bakari akacheka. Hata Mwanasaumu, machozi yanamtoka, akacheka ndani ya leso.

“Hakuna wa kulaumiwa peke yake,” alisema Margaret. “Kila mmoja wenu alibeba nusu, akadhani amebeba yote. Sasa tuzitie pamoja. Dada, mwenyewe unajionaje?”

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Mastura akaingia chumbani na kutoka na daftari dogo. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la kisomo, na kumbe alikuwa akiandika.

“Mimi nimeandika siku zangu,” alisema. “Siku ya pumzi na siku ya tumbo. Sikujua nimpe nani.” Akafungua ukurasa wa kwanza. “Tarehe sita, hedhi ilianza—”

Bakari akainuka ghafla. “Ngoja nikamtazame mbuzi.”

“Hatuna mbuzi, baba,” alisema Mastura. “Kaa.”

Bakari akakaa. Alitazama mkeka mwanzo mpaka mwisho, masikio yakimwaka moto, lakini alikaa. Na akasikia mambo ambayo yalitokea nyumbani kwake kwa miaka saba, ukuta mmoja tu kati yake nayo. Mastura alipofunga daftari, baba yake alisema neno moja.

“Samahani, mwanangu.”

Alhamisi walivuka feri watu watatu. Daktari alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapohapo.

“Haya, mgonjwa ana shida gani?” aliuliza.

Bakari akafungua mdomo. Mwanasaumu akafungua mdomo. Wakatazamana, wakaifunga midomo yao. Mastura akafungua daftari.

Alisoma yote, ya juu na ya chini. Daktari aliandika, akauliza, akamsikiliza kifua, akampapasa tumbo. Mwisho aliweka kalamu mezani.

“Ungenipa tumbo peke yake, ningekupasua wiki ijayo,” alisema. “Nisingefanya vizuri. Sasa tutakwenda kwa mpango. Kwanza moyo upate nafuu. Sindano zirudi. Chumvi ipungue, upewe dawa ya kutoa maji, na mwenzangu wa maradhi ya moyo akutazame. Wiki nane. Ndipo tupasue, na mwenye kutoa nusukaputi atajua moyo wako ulivyo. Siku hiyo utapigwa penisilini kabla, maana vijidudu vikiingia kwenye damu hupenda kukaa katika vali yenye kovu. Hata ukitaka kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kwanza.”

Mastura aliandika: jino.

“Na tumbo, daktari?” aliuliza Mwanasaumu, na hakushusha sauti.

“Nadhani ni ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Jina refu, lakini jambo lenyewe laeleweka. Ndani ya tumbo la uzazi kuna utando ambao hutoka kila mwezi kuwa hedhi. Kwa wanawake wengine, utando wa namna hiyo huota nje ya tumbo la uzazi, mahali usipotakiwa. Ukifika mwezi nao unatoa damu, lakini damu haina njia ya kutokea. Inabaki ndani, inawasha, inashikamanisha matumbo. Hayo ndiyo maumivu yako. Si uchawi, na si kwamba hujui kuvumilia.”

Mwanasaumu aliinamisha kichwa. Neno “vumilia” alikuwa amelisema mara nyingi mno.

“Kuna vidonge vipya vya kutuliza ugonjwa huu,” daktari aliendelea. “Wewe sikupi. Vinaweza kugandisha damu, na kwa moyo wako naviogopa. Unaona? Tumbo na moyo ni majirani. Dawa ya mmoja inamgusa mwenziwe.”

“Daktari,” Mastura aliuliza, “nitaweza kutoa wimbo?”

Mwanasaumu akashika pindo la leso, palipokuwa na ufunguo.

“Wimbo gani?”

“Wa vugo. Harusini. Mwisho wa mwaka.”

Daktari alifikiri, kisha akatabasamu. “Moyo ukitulia, na kidonda kikipona, imba. Lakini umekaa, si kusimama. Nyimbo ziwe fupi. Pumzi ikipungua, nyamaza, hata kama ni katikati ya neno. Na siku ukiposwa, kabla ya kushika mimba, uje tuzungumze. Mimba huutwika moyo kazi kubwa.”

Mastura aliandika hayo pia, kwa herufi kubwa.

Wiki nane hazikuwa ndefu, maana nyumba ilikuwa na kazi. Bakari alichora mistari kwa mkaa mlangoni, mstari kwa kila siku ya sindano, na hakuna nazi iliyoanguliwa siku hiyo. Mwanasaumu aliwapelekea wengine ng'onda wote waliobaki. Alijifunza kupika kwa ndimu, pilipili na tangawizi. Bakari naye, bila kuitwa, aliingia jikoni kila jioni na kijiko.

“Umekuwa mpishi?” mkewe alimuuliza.

“Mimi ni mwonja chumvi.”

Alipendezwa na elimu yake mpya hata ikamzidi. Siku moja, feri imejaa watu, aliuliza kwa sauti ya shambani, “Mastura, na tumbo lako leo je?”

Mastura alijifunika buibui uso mzima. “Baba, si hapa.”

“Basi wapi?”

“Nyumbani, baba. Nyumbani.”

Bakari akakubali. Alikuwa ametoka kunyamaza kote akaenda kusema kote, na ilibidi arudi nyuma kidogo. Lakini barazani hakuacha kuwaambia wenzake wenye watoto wadogo: “Mtoto akiumwa koo na homa, au kiungo kikivimba, mpelekeni zahanati upesi. Msiseme anakua. Mimi nilisema hivyo.”

Siku ya upasuaji ilifika. Mwenye kutoa nusukaputi alikuja mwenyewe kitandani na daftari la Mastura mkononi, akasoma, akauliza, akamsikiliza moyo tena. Sindano ya penisilini ilikuwa tayari. Bakari na Mwanasaumu walingoja kwenye benchi moja, wamekaa karibu kuliko walivyokaa kwa miaka. Margaret alitoka mara mbili kuwaambia mambo yanakwenda vizuri. Mara ya tatu alitoka na daktari.

“Alhamdulillahi,” Bakari alisema kabla hajaambiwa neno.

“Moyo ulihimili,” alisema daktari. “Tumboni tulikuta madoa mengi na uvimbe mmoja wenye damu nzito, nyeusi kama kahawa. Tumetoa tulivyoweza. Sitawadanganya. Ugonjwa huu unaweza kurudi, na vali bado ina kovu. Lakini tunamjua sasa, na yeye anajijua. Aendelee kuandika.”

Hedhi ya kwanza baada ya kupona, Mastura alilala nusu siku tu. Ya pili, hakulala kabisa. Alikwenda jikoni, akakaa juu ya mbuzi, akaikuna nazi mpaka mwisho. Mwanasaumu alisimama mlangoni akimtazama. Furaha ilimjaa hata hakujua aishike wapi. Akafungua pindo la leso, akafungua kasha, akarudi na pembe.

“Chukua,” alisema. “Nilidhani nakulinda. Nilikufungia na roho yako ndani ya kasha.”

“Nitakaa, mama. Sitasimama.”

“Kiti nitakibeba mimi.”

Asubuhi ya pili mtaa ukasikia ko-ko, ko. Bi Mwidani, aliyekuwa anafagia ua wake, aliacha kufagia akacheza kidogo na ufagio.

Mwaka ule mvua ya vuli ilinyesha kwa wingi, lakini siku ya harusi ya Mwanarehema jua lilitoka. Walipovuka feri kwenda kumchukua somo yake bibi harusi, yaani mwanamke wa kumfunda, aliyekaa kisiwani, Mastura aliupanda ule mteremko. Alipumzika mara moja tu, na hiyo ilikuwa kununua dafu.

Alasiri wanawake walijipanga kwa vugo. Mwanasaumu akaingia uani na kiti kichwani, akakitua katikati ya safu. Watu wakatazamana. Vugo la kukaa halijapata kuonekana. Mastura akakaa, akanyoosha mgongo, akaweka pembe mapajani.

Kabla mtu hajasema neno, Bi Mwidani akajitokeza. “Na mimi nileteeni kiti. Miguu hii imesimama harusi mia moja, nani ameishukuru?”

Shangazi mmoja akataka kiti. Kisha mwingine. Viti vikatoka nyumba hii na ile, na vigoda, na hata mbuzi moja ya kukunia nazi. Safu nzima ikakaa. Mastura akatoa wimbo, mfupi, akapumzika, wenzake wakauitikia mara nne badala ya mbili. Ukatoka mtamu kuliko zamani, maana kila mtu alipata nafasi ya kuimba. Bibi harusi alifunua mtandio kidogo, kinyume cha desturi, ili amwone dada yake.

Mgeni mmoja kutoka Mtongwe, mwanamke wa rika la Mastura, alimsogelea Mwanasaumu. “Mama, yule mtoa wimbo ni binti yako? Ana nini hata akakaa?”

Mwaka uliopita Mwanasaumu angetazama kushoto na kulia. Angesema ni pumzi kidogo tu, na angebadilisha maneno. Sasa alimtazama binti yake, aliyekuwa anafuta jasho na kucheka na wenzake.

“Muulize mwenyewe,” alisema. “Anajua kusema.”

Mgeni akaenda, akauliza. Mastura akamweleza yote mawili, ya kifua na ya tumbo, kwa maneno machache. Yule mgeni alisikiliza, mkono mmoja umeshika kiuno. Akaanza kuondoka, kisha akarudi.

“Hilo la tumbo,” alisema polepole. “La kila mwezi. Mimi nalo. Sijamwambia mtu.”

Mastura akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakiweka karibu na chake.

“Kaa, dada,” alisema. “Anza mwanzo.”